Umenunua kwa Doo Yako, Mbona Unaomba Ruhusa?

Wasee, leo nimekasirika. Kaeni chini kidogo.

Juzi stiki ya kushoto ya kimashine changu cha gemu ilianza madharau. Nimetoa kidole, lakini jamaa kwenye skrini bado anatembea peke yake kuelekea kwa ukuta. Hiyo ni shida ya kawaida, stiki huchoka. Nikatafuta risiti, nikaingia mathree hadi tao, nikarudi kwa duka nililonunua. Waranti ni ya mwaka mmoja na mimi nilikuwa nimemaliza miezi saba tu. Nikajua naacha mashine, narudi kuichukua baada ya siku mbili, story imeisha.

Jamaa wa kaunta akaiwasha. Akaona picha ya kuwakia si ile anayoijua. Akaniangalia vile mathe huangalia mtoto aliyerudi shule na sweta ya mtu mwingine.

"Kijana, nani alikuambia utoe mfumo?"

Nikamwambia ni mimi mwenyewe. Akaisukuma kwenye kaunta kurudi upande wangu. "Basi waranti imekufa. Hii si mashine yetu tena."

Nikamuuliza, kwa heshima kabisa, mfumo endeshi unalegezaje stiki? Stiki ni plastiki na springi. Ni kama kunyimwa tairi kwa sababu umebadilisha redio ya gari. Akasema sheria ya duka ni sheria ya duka, na kuna watu kwenye laini nyuma yangu.

Nikashuka ngazi hadi kwa fundi wa chini, yule wa meza moja na taa moja. Akafungua, akatoa stiki, akaweka nyingine, nusu saa haijaisha. Nikalipa 2,500. Hakuniuliza nimeweka mfumo gani. Mkono wake ulikuwa kwenye skrubu, na shida ilikuwa hapo.

Pesa iliuma, lakini kilichokataa kunitoka kichwani ni ile sentensi. "Hii si mashine yetu tena." Kwani ilikuwa yenu lini? Niliwaachia pesa ya miezi minane ya kuediti video za harusi za watu. Niliwaachia yote, mara moja.

Mnazijua zile simu za kulipa mdogo mdogo. Ukikosa kulipa, inafungwa ukiwa umeishika mkononi. Inauma, lakini mantiki yake naielewa, hujamaliza deni. Mimi sina deni. Na huo ndio msimamo wangu leo, mtu asinizungushe: kitu ukishakilipa chote, mfumo unaokiendesha ni chaguo lako, na aliyekuuzia hana haki ya kubaki ndani kama landlodi.

Kwa wale ambao hawajawahi kuingia hii story, tuende pole pole. Mfumo endeshi ni ile programu kubwa inayoamka kwanza ukibonyeza pawa, halafu inaendesha zingine zote. Kwa kompyuta nyingi ni Windows. Kwa simu nyingi hapa kwetu ni Android. Steam Deck ya Valve ilipotoka Februari 2022 ilikuja na SteamOS, ambayo imejengwa juu ya Linux. Halafu kampuni zingine zikafuata na mashine zao: ASUS na ROG Ally mwezi Juni 2023, Lenovo na Legion Go mwaka huo huo. Hizo mbili zilikuja na Windows 11.

Sasa, hizo vitu zina umbo la toy lakini ndani ni kompyuta kamili. Zina prosesa, zina RAM, zina diski. Na kompyuta haijawahi kuwa na mfumo mmoja ulioandikwa mbinguni. Unaweza kutoa Windows ukaweka SteamOS, au Bazzite, ambayo ni ya bure, imejengwa juu ya Fedora, na imetengenezwa ikiwa na mashine kama hizi akilini.

Mbona mtu ajisumbue? Kwa sababu Windows ilitengenezewa meza. Ilitengenezewa mausi na kibodi. Ukiiweka kwa skrini ya inchi 7 unabaki unatafuta alama ya kufunga dirisha kwa kidole gumba kama mtu anatoa mwiba. Windows 11 Home ukiiwasha mara ya kwanza inataka intaneti na akaunti ya Microsoft kabla hata hujaona gemu. Kwa mtu mwenye waifai ya fiba, hakuna noma. Kwa mtu wa bando la siku, hiyo na apdeti zake ni bando limeenda na bado hujacheza.

Halafu kuna kulala. Kwa SteamOS unabonyeza pawa katikati ya mechi, mashine inalala, gemu inabaki pale pale. Ukiamsha, unaendelea na ule mpira uliokuwa miguuni. Kwa maisha yetu hiyo si anasa. Uko kwenye jam ya Thika Road, kondakta anaitisha pesa, unabonyeza, unaweka mfukoni, unatoa nauli. Mashine za Windows zimelalamikiwa miaka yote kwa hii kitu moja: unadhani imelala, kumbe iko macho ndani ya begi, inachemka na kula betri.

Utaniambia hizo ni hisia zangu. Sawa, tuangalie ushahidi. Mwaka 2025 Lenovo walitoa Legion Go S, na wakaiuza kwa mifumo miwili. Mwili mmoja, moja ina Windows, nyingine ina SteamOS. Ilikuwa mara ya kwanza mashine ya kushika mkononi isiyo ya Valve kuuzwa na SteamOS kwa idhini rasmi. Wanaopima mashine wakapata mtihani safi ambao hakuna mtu angeubishia. Kwa gemu nyingi walizojaribu, upande wa SteamOS ulitoa fremu zaidi kwa sekunde na betri ikakaa zaidi. Mashine ni ile ile, tofauti ni mfumo.

Na Microsoft walifanya nini? Oktoba 2025 wakatoka na ROG Xbox Ally, wakishirikiana na ASUS, ikiwa na skrini mpya ya gemu ambayo inaruka ile desktopu ya kawaida ili kuokoa kumbukumbu. Mnaona hapo? Wale wasee waliokuwa wanaambiwa wanaharibu mashine kwa kutoa Windows ndio walionyesha Windows mahali inakosea. Bila wao, leo bado tungekuwa tunaambiwa tuzoee.

Sasa nataka niwapeleke nyuma kidogo, kwa sababu kuna mtu anadhani hii vita ni mpya. PlayStation 3 ilipotoka mwaka 2006, Sony wenyewe waliweka ndani chaguo la kuingiza mfumo mwingine. Liliitwa OtherOS. Ulikuwa unaweka Linux kwa PS3 yako halali kabisa, imeandikwa kwenye menyu. Na si watoto wa gemu pekee waliipenda. Jeshi la anga la Marekani lilinunua PS3 zipatazo 1,760, likaziunganisha kuwa kompyuta moja kubwa ya utafiti.

Halafu tarehe 1 Aprili 2010, Sony wakatoa apdeti nambari 3.21 inayoondoa OtherOS. Sababu waliyotoa ni usalama. Watu walidhani ni mchezo wa siku ya wajinga. Haikuwa. Ukikubali apdeti, unapoteza Linux. Ukikataa, unapoteza kucheza na watu mtandaoni. Chagua mkono gani ukatwe. Wateja wa Marekani wakaenda kortini, na ikachukua hadi 2018 kufikia makubaliano ya dola milioni 3.75. Miaka minane kudai kitu kilichokuwa kimeandikwa kwenye menyu ya mashine waliyolipia.

Kama hiyo ni ya zamani kwako, njoo karibu. Mei 2025 Nintendo walibadilisha makubaliano ya watumiaji wa Marekani. Ndani wakaandika kwamba ukikiuka masharti, ukaingilia mfumo, wanaweza kuifanya mashine yako isitumike tena milele, yote au sehemu yake. Soma tena. Si akaunti pekee. Mashine. Kile kitu kiko kwa meza yako, umekilipia, kinaweza kugeuzwa jiwe la kushikilia mlango na mtu ambaye hata hajui mtaa wenu uko wapi.

Ndiyo maana sikasiriki na jamaa wa kaunta peke yake. Yeye ameimba tu wimbo alioukuta.

Sasa tuje kwa maneno ninayoambiwa kila nikitaja hii mada.

"Ni wizi." Hapana. Na najua hili jina baya lilitoka wapi. Wengi wetu tuliona mfumo uliobadilishwa kwa mara ya kwanza kwa PSP ya broo mkubwa, memori kadi imejaa gemu ambazo hakuna mtu aliwahi kulipia. Kwa hivyo kichwani mwetu kubadilisha mfumo na kuiba gemu vikawa mapacha. Si mapacha. Nikiweka SteamOS naingia kwa akaunti yangu ile ile ya Steam, nacheza gemu zile zile nilizonunua. Valve wamejenga Proton tangu 2018 ndiyo gemu za Windows zikimbie kwa Linux bila mtengenezaji kuandika upya. Hakuna mtu ameibiwa. Mwizi wa gemu anaiba hata akiwa kwa Windows, na mimi simtetei.

"Utaharibu mashine." Unaweza kuharibu, ndiyo, ukifanya kama mlevi. Lakini kwa hizi mashine zilizo kompyuta, mfumo unakaa kwenye diski. Ukikosea, unaanza tena. ROG Ally ina njia ya kurudisha Windows kupitia intaneti, iko ndani ya mashine yenyewe hata kama diski ni tupu. Na leseni ya Windows huwa imehifadhiwa kwa mashine, kwa hivyo ukirudi hakuna mtu anakuuzia tena. Hii si ndoa ya kanisani. Unaweza kuenda ukarudi.

"Waranti itakufa." Hapa ndipo nataka mtu wa duka asome. Aprili 2018 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliandikia kampuni sita barua za onyo kuhusu kutishia wateja kwamba waranti inakufa wakitumia fundi au kifaa kisicho cha kampuni. Miongoni mwa hizo sita kulikuwa na ASUS, Microsoft, Nintendo na Sony. Kwao, kampuni haiwezi kukataa waranti ya kitu kimoja kwa sababu umegusa kingine kisichohusika, hadi ionyeshe hicho ndicho kimeleta shida. Najua hiyo ni sheria ya Marekani na sisi tuko Kenya. Lakini sisi tuna Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010. Kinasema mtumiaji ana haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na haki ya kupewa habari anazohitaji ili anufaike nazo kikamilifu. Sasa nionyesheni. Risiti yangu ina jina la duka, nambari ya mashine, bei, na neno "mwaka mmoja". Hakuna mahali imeandikwa "ukibadilisha mfumo, stiki ni yako". Sharti ambalo mteja hulisikia mara ya kwanza siku anapoleta shida si sharti, ni mtego.

"Na FC?" Haya. Hili ndilo swali la maana, na sitawadanganya. EA Sports FC, kuanzia FC 24, haikimbii kwa Linux, kwa sababu ya programu ya EA ya kuzuia walaghai. Fortnite haikimbii. Valorant haikimbii. GTA Online iliwafungia watu wa Linux Septemba 2024. Apex Legends ilikuwa ikichezeka poa kabisa, halafu mwishoni mwa Oktoba 2024 EA wakafunga mlango, wakisema walaghai wengi wanapitia huko. Kwa hivyo kama maisha yako ni FC, kila Jumamosi mko base na loser anatoka, usitoe Windows leo kwa sababu umesoma maneno yangu. Utanitukana usiku, na utakuwa sawa.

Lakini nataka uone ni nani amekunyima. Si Linux imeshindwa. Fortnite ni ya Epic. Easy Anti-Cheat, programu ya kuzuia walaghai, pia ni ya Epic, na tangu 2021 inaweza kufanya kazi kwa Proton mwenye gemu akitaka. Wanawapa wengine hilo daraja na wenyewe hawavuki. Huo ni uamuzi wa watu wa ofisini, na uamuzi hubadilika wateja wakiwa wengi. Windows haikubadilika hadi watu wakaanza kuhama. Hata hizo gemu zitakuja siku wenyewe wakihesabu na kuona pesa imekaa upande huu. Kwa sasa, gawa diski, weka mifumo yote miwili. FC iko Windows, zingine ziko kwingine. Si lazima uchague timu.

Kwa wale mmeamua, nisikilizeni kabla hamjaanza kubonyeza.

Kwanza, okoa vitu vyako. Sevu za gemu, picha, kila kitu, toa nje. Kuingiza mfumo mpya kunafuta diski, na baada ya hapo hata sala haisaidii. Pili, kama diski ya Windows imefungwa kwa BitLocker na unapanga kuibakisha, pata ule ufunguo wa kurejesha kwenye akaunti yako na uuandike kwa karatasi. Karatasi, si ndani ya mashine hiyo hiyo. Tatu, ile faili ya mfumo ni gigabaiti kadhaa. Usiishushe na bando la soo, nenda mahali pana waifai, lipia meza yako ya saiba au omba rafiki. Nne, hakikisha mashine yako iko kwenye orodha ya zile ambazo watengenezaji wa mfumo wanasema zinafanya kazi. Spika, vitufe vya nyuma, kulala na kuamka, soma kila kimoja kabla, si baada. Tano, chaji betri ijae na uache waya ukiwa umechomekwa. Na stima ikiwa inapotea potea mtaani kwenu, ngoja siku ambayo imetulia.

Halafu andika mfumo kwa flashi, washa mashine ukitumia flashi, fuata maagizo. Mimi nilichukua saa moja na nusu, na nusu saa yake nilikuwa naogopa tu.

Kuna kitu kimoja kilinifanya niandike haya yote, na si stiki. Siku nilipokuwa naweka huu mfumo, binamu yangu wa Form Two alikuwa ameketi kando yangu anakula mandazi. Aliponiona nafuta Windows akashtuka, akauliza, "Kwani hiyo huweza kutoka?" Alikuwa na miaka 15 na alidhani mfumo ni sehemu ya mashine kama rangi ya gari. Anatumia simu kila siku. Hakuna mtu aliwahi kumwambia kwamba Android yenyewe imekaa juu ya Linux, au kwamba tangu 2017 kompyuta zote 500 zenye nguvu zaidi duniani kwenye orodha ya TOP500 zinaendeshwa na Linux. Amefunzwa kubonyeza na kukubali masharti. Amefunzwa kwamba vitu vinakuja vimefungwa na kazi yetu ni kulipa.

Wiki hiyo hiyo akachukua leptopu ya zamani ya mjomba, ile ilikuwa imewekwa juu ya kabati kwa sababu Windows ilikuwa imekuwa nzito, akaweka Linux. Alikosea mara mbili. Mara ya tatu ikawaka. Sai anafanyia homuwaki hapo. Hakuna kozi alilipia, na hakuna ruhusa aliomba kwa mtu yeyote isipokuwa mjomba, ambaye ndiye mwenye leptopu.

Hiyo ndiyo ruhusa pekee ninayoijua mimi. Ya mwenye mali.

Kwa yule jamaa wa kaunta, najua hukutunga hiyo sheria na sina kisirani na wewe. Lakini risiti bado ninayo, na waranti imebaki miezi mitano. Stiki ya kulia ikianza madharau nitarudi hapo, nipange laini kama wengine, na nikifika mbele nitakuuliza tena unionyeshe mahali imeandikwa.